Nani Anamkagua Mkaguzi? Kisa cha Machinjio ya Mji Mmoja Mkoani Mwanza

Kisa hiki kilitokea katika halmashauri moja ya mkoa wa Mwanza, kwenye mji mdogo ulio kando ya ziwa. Jina la mji, majina ya wahusika na tarehe vimeondolewa, na idadi zimetajwa kwa makadirio ili mtu asitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya maafisa mifugo, maafisa afya na wakuu wa idara, hasa wale wanaosaini ripoti ya machinjio kila mwisho wa mwezi bila kukanyaga machinjioni.

## Hali ilivyokuwa

Machinjio yenyewe ni banda la sakafu ya saruji na paa la bati, lenye reli ya kuning'inizia mizoga upande mmoja na tangi la maji linalojazwa kutoka ziwani pale pampu inapokuwa nzima. Siku ya kawaida huchinjwa ng'ombe 20 hadi 30 na mbuzi kadhaa. Ng'ombe wengi hununuliwa minadani, Misungwi, Kwimba, Magu na upande wa Shinyanga. Kazi huanza saa nane usiku, kwa sababu mwenye bucha anataka nyama iwe imeshaning'inia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mama lishe wanapokuja kutafuta ya supu.

Mkaguzi alikuwa mmoja. Ana stashahada ya afya ya mifugo na ameorodheshwa na Baraza la Veterinari kama mtaalamu msaidizi, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003. Wote pale humwita dokta. Kazi yake inajulikana: kumtazama mnyama akiwa hai na kutembea, kukagua kibali cha kumsafirisha, kisha baada ya kuchinjwa kukata tezi za koo, za mapafu na za ini, kufungua moyo, kupapasa ulimi, kukata misuli ya shavu pande zote mbili kutafuta tegu (mnyoo bapa), na mwisho kupiga muhuri au kukataa.

Lakini alikuwa na kazi ya pili. Ndiye aliyeshika mashine ya POS ya kukusanya ushuru wa machinjio. Halmashauri ilikuwa na makisio ya mapato, na machinjio yalikuwa mojawapo ya vyanzo vilivyotegemewa. Kila wiki alipigiwa simu kuulizwa amekusanya kiasi gani. Katika mafaili yote tuliyosoma, hakuna barua wala dokezo linalomuuliza amekataa maini mangapi.

Sheria haikukosekana. Ipo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003, na ipo Sheria ya Nyama Na. 10 ya 2006 iliyounda Bodi ya Nyama Tanzania. Mwaka 2019 majukumu ya usalama wa chakula yalihamishwa kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) kwenda TBS (Shirika la Viwango), na hadi kisa kinatokea bado kulikuwa na watumishi wa wilaya waliobishana nani anahusika nyama ikishatoka getini. Mabishano hayo yalichangia, ingawa kwa maoni yangu mchango wake ni mdogo kuliko watu wanavyopenda kusema.

## Nyama ya shule

Mpishi wa shule moja ya bweni alipokea nyama kutoka kwa mzabuni asubuhi. Alipoanza kukata paja akaona vifuko vyeupe vya ukubwa wa njegere vimetapakaa ndani ya mnofu, vingine vikimpasukia kwenye kisu na kutoa maji. Hakuitupa. Aliiweka kwenye beseni, akafunika kwa kanga, akampigia mwalimu wa zamu, naye akampigia afisa afya wa kata. Paja lilikuwa na muhuri wa wino wa zambarau, unasomeka vizuri kabisa.

Vifuko vile ni tegu la ng'ombe katika hatua yake ya ndani ya misuli. Binadamu akila nyama hiyo ikiwa haijaiva, tegu hukua utumboni mwake. Mayai hutoka na kinyesi, na ng'ombe huyala malishoni. Maradhi yake kwa mtu kwa kawaida si ya kuua, na nyama yenye vifuko vichache inaweza kuokolewa kwa kugandishwa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku zisizopungua 10. Mji ule hauna chumba cha baridi cha namna hiyo. Na paja lile halikuwa na vifuko vichache. Mnyama mzima alistahili kukataliwa.

Idara ya mifugo ilipopata taarifa, wazo la kwanza mezani lilikuwa lile la siku zote: mkaguzi aandike barua ya kujieleza, kisha ahamishiwe kata ya mbali akasimamie majosho. Mkuu wa idara alikataa kuanzia hapo. Aliagiza kwanza vitabu vya machinjio viletwe.

## Vitabu vitatu

Kitabu cha ukaguzi kilikuwa safi mno. Kwa miezi 8 mfululizo, maini yaliyoandikwa kukataliwa yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mtu asiyejua kanda hii angefurahi. Anayeijua anashtuka. Ng'ombe wetu hunywa maji ya mabondeni, hulisha kwenye majaruba ya mpunga baada ya mavuno na kwenye nyasi za kando ya ziwa, ambako konokono wa majini hubeba minyoo ya ini. Mkaguzi yeyote aliyefanya kazi Kanda ya Ziwa anajua kwamba hamalizi wiki bila kufungua ini na kukuta mifereji ya nyongo imekuwa migumu, ikikwaruza kisu, na minyoo bapa ikitoka. Mwezi mzima bila ini kukataliwa maana yake ni kwamba hakuna aliyekata ini.

Ripoti hizo zilipita mikononi mwa watu wasiopungua watatu kabla ya kuwekwa kwenye faili. Zote zina saini.

Kitabu cha pili kilikuwa taarifa ya POS. Idadi ya ng'ombe waliolipiwa ililingana na idadi ya waliokaguliwa, jambo lililowaridhisha watu wa mapato. Ilipaswa kulingana, kwa sababu aliyeandika vyote viwili ni mtu mmoja.

Kitabu cha tatu hakikuwa cha serikali. Afisa mmoja kijana kwenye timu iliyopitia vitabu hivyo alikumbuka kwamba ngozi zote za machinjio hununuliwa na mfanyabiashara mmoja, naye huandika kwenye daftari lake la shule lenye jalada la bluu: tarehe, idadi, ngozi nzuri, ngozi iliyotobolewa na kisu. Mzee yule hakuwa na sababu ya kudanganya, kwani daftari ni la pesa zake. Alilitoa bila kinyongo. Siku baada ya siku ngozi zilikuwa nyingi kuliko ng'ombe waliosajiliwa. Siku za kawaida zilizidi kwa 3 au 4, Jumamosi kwa zaidi. Kila ng'ombe ana ngozi moja. Kulikuwa na ng'ombe wanaochinjwa pale pale, chini ya paa lile lile, ambao serikali haikuwajua kwa ushuru wala kwa afya.

## Usiku wa kushtukiza

Timu ya watu wanne ilifika machinjioni muda mfupi baada ya saa nane usiku, kwa gari la kukodi ili namba za serikali zisitangulie. Taa ilikuwa moja inayowaka, juu ya mlango. Wachinjaji walifanya kazi kwa tochi za simu, wengine wamezibana mdomoni. Mizoga 11 ilikuwa imeshachunwa na mingine ipo chini. Mkaguzi hakuwepo.

Muhuri ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, umefungwa kwa mfuko wa plastiki, na chini yake chupa ya soda yenye wino. Kiongozi wa wachinjaji, mzee wa makamo anayeheshimika mjini, alikuwa ameushika dakika chache kabla. Vidole vyake vilikuwa vya zambarau.

"Mzee wangu, huo muhuri umeupata wapi?" mkuu wa idara alimuuliza.

"Shikamoo mkuu. Dokta huwa ananiachia. Yuko njiani, anakuja sasa hivi."

Dokta alifika baada ya saa kumi alfajiri, amepakiwa kwenye bodaboda. Bodaboda hiyo, ilikuja kujulikana, ililipwa na wenye mabucha.

Wakati wanasubiri, yule afisa kijana alifanya kitu ambacho ningependa kila msimamizi akijifunze. Alikwenda kwenye mstari wa vichwa vilivyopangwa ukutani, akamulika mashavu kimoja kimoja. Mkaguzi akishapita, shavu huonyesha mikato sambamba na taya, kulia na kushoto, moyo huwa umefunguliwa, na ini huwa na alama ya kisu. Vichwa vyote vilikuwa na misuli mizima. Mioyo ilikuwa mizima. Mizoga 7 tayari ilikuwa na muhuri.

Hapo hapahitaji maabara. Hata mwenye bucha ukimwamsha saa kumi na moja na kumwomba akuonyeshe vichwa alivyoletewa, utajua kama ukaguzi ulifanyika au wino ulitembea peke yake.

## Uamuzi uliofanyika, na sababu zake

Jambo la kwanza lilikuwa kuchukua muhuri na kukagua upya kila mzoga palepale. Afisa mwenye shahada ya tiba ya mifugo alikuwa kwenye timu, kwa hiyo iliwezekana kufanya hivyo. Mzoga mmoja ulikataliwa wote, na maini mengi yalitupwa shimoni na kumwagiwa dawa mbele ya wenyewe. Kelele zilikuwa kubwa. Mwenye ng'ombe aliyekataliwa alikuwa amemnunua kwa mkopo, na alilia kweli.

Pili, kuyafunga machinjio au kutoyafunga. Afisa afya alitaka yafungwe. Mkuu wa idara alikataa, na naona alikuwa sahihi. Ukifunga machinjio ya mji kwa wiki, watu hawaachi kula nyama. Ng'ombe watachinjwa nyuma ya nyumba, chini ya miembe na kwenye vichaka vya kando ya ziwa, na hata huo ukaguzi wa kusuasua utakuwa umekufa. Aliazima mkaguzi kutoka halmashauri jirani, kazi ikaendelea usiku uliofuata.

Tatu, mkaguzi mwenyewe. Alipoandika kujieleza, hakukana. Alikiri kupokea "hela ya sabuni" kwa kila ng'ombe. Kisha akaambatanisha nakala za barua mbili alizomwandikia mkuu wa idara aliyetangulia, akiomba taa, buti, visu, wino, mwenzake wa kupokezana zamu na posho ya usafiri wa usiku. Barua zilipotafutwa zilikutwa kwenye faili, zimegongwa muhuri wa kupokelewa, hazina jibu. Kwa maneno mengine, usafiri wake, wino wake, kisu chake na chai yake ya alfajiri vilitoka mfukoni mwa watu ambao alitakiwa kuwakatalia mali. Walimlea. Ilianza kwa nauli tu, na ikafika mahali akiwakatalia maini matatu hana bodaboda ya kesho.

Hilo halimsafishi. Wapo wakaguzi wengi wanaotembea kwa miguu usiku na bado wanakata tezi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007 inamgusa anayepokea na anayetoa, na suala lilipelekwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Mwajiri, yaani Mkurugenzi wa halmashauri, aliendesha mchakato wake wa nidhamu. Taarifa ilipelekwa pia Baraza la Veterinari, maana cheti ndicho kinachomruhusu mtu kushika muhuri, na mtumishi akihamishwa tu bila Baraza kujua, anaweza kuukuta muhuri mwingine unamsubiri wilaya ya pili.

Nne, POS ilihamishiwa kwa mtumishi wa idara ya fedha. Uamuzi huu ulipingwa kuliko yote, na waliopinga ni watu wa ofisini. Ilisemwa kwamba hakuna mtumishi wa kukesha. Akapatikana.

## Yaliyofuata

Wiki ya kwanza maini yaliyokataliwa yalizidi ya miezi 8 iliyopita kwa jumla. Wenye mabucha waligoma kwa siku chache, wakapeleka ng'ombe kuchinja kata ya jirani. Mapato yakashuka, diwani mmoja akasimama kwenye kikao cha baraza la madiwani kudai kwamba wataalamu wanaua biashara za vijana. Mkuu wa idara alibeba daftari la ngozi kwenye kikao hicho na kusoma hesabu ya ushuru ambao halmashauri ilikuwa ikiupoteza kwa ng'ombe wasioandikwa. Baada ya hapo hakusumbuliwa sana. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba kilichowanyamazisha waheshimiwa ni shilingi, si tegu.

Taa zilifungwa. Wakaguzi wakawa wawili wa kupokezana, kila mmoja na muhuri wenye namba yake, akiondoka nao mfukoni. Mkaguzi wa zamani alipata adhabu ya kinidhamu na kuondolewa kabisa kwenye ukaguzi wa nyama. Suala la rushwa lilichukua muda mrefu, na sitaeleza lilipofikia.

Halafu, miezi michache baadaye, mmoja wa wakaguzi wawili alichukuliwa kwenda kwenye kampeni ya chanjo na hakurudishwa. Ziara za usiku zilikuwa mbili kwa mwezi, zikawa moja, kisha zikasubiri mafuta ya gari.

## Kilichosaidia na kilichoshindikana

Kilichosaidia zaidi ni kutafuta hesabu isiyoandikwa na mkaguzi. Ngozi ni mfano mzuri, lakini kuna vingine: vibali vya kusafirisha mifugo kutoka mnadani, hata idadi ya vichwa na miguu inayouzwa kwa wachoma makongoro. Msimamizi anayelinganisha kitabu cha mkaguzi na kitabu kingine cha mkaguzi huyo huyo hajasimamia chochote.

Kusoma sifuri pia kulisaidia. Tumezoea ripoti yenye matatizo ndiyo ituamshe. Kwenye machinjio ya kanda hii, ripoti isiyo na tatizo ndiyo ya kutiliwa shaka. Mkuu wa idara sasa huweka wino mwekundu kwenye mwezi wowote ambao ini halikukataliwa, na mkaguzi hueleza.

Kilichoshindikana kwanza ni kufuatilia nyama. Mnyama mwenye paja lile alikuwa na paja la pili, mabega na mbavu. Hadi timu inaanza kuuliza buchani, vyote vilikuwa vimeshauzwa na kuliwa. Hakuna bucha lililokuwa na kumbukumbu ya mzoga uliotoka kwa nani. Shule ilipewa ushauri na wanafunzi wakaelekezwa zahanati, ambako tegu linatibika kwa dawa ya kumeza. Wateja wa kawaida hawakuambiwa kitu. Nadhani wangeambiwa, hata kama ingezua taharuki.

Pili, hakuna aliyegusa nguruwe. Kitimoto kinauzwa kila kona ya mji ule, na nguruwe hao hawachinjwi machinjioni kabisa, huchinjwa vijiweni. Tegu la nguruwe ndilo la kuogopwa hasa, kwa kuwa mayai yake yakimezwa na mtu, vifuko huweza kuota kwenye ubongo na kuleta kifafa. Tulitumia nguvu zote kwa ng'ombe, ambao angalau walikuwa na muhuri wa kughushiwa.

Wapo wanaosema tatizo lote ni umaskini wa halmashauri: mishahara, taa, buti. Taa ni muhimu, nimeshaeleza. Lakini Machi 2017 nchini Brazili, moja ya nchi zinazouza nyama nyingi zaidi duniani, polisi wa shirikisho waliibua kashfa ya wakaguzi waliodaiwa kupokea rushwa kutoka kwa makampuni ya nyama, na watumishi 33 wa wizara ya kilimo wakasimamishwa. Kule hakukuwa na shida ya tochi. Kilichofanana na kwetu ni mkaguzi kukaa sehemu moja muda mrefu, akiwategemea watu wale wale, huku walio juu yake wakipokea karatasi tu. Mwongozo wa usafi wa nyama wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, wa mwaka 2005 unaweka mamlaka ya serikali, siyo mwenye machinjio, kuwa mwenye neno la mwisho juu ya ukaguzi. Mamlaka hiyo ikiomba lifti kwa mwenye machinjio, neno la mwisho limeshahama.

Lililobaki bila jibu ni fidia. Mwenye ng'ombe aliyekataliwa hupoteza mtaji wote usiku mmoja, naye hakuwa na namna ya kujua mnadani kwamba mnyama ana tegu. Maadamu hasara yote ni yake, ataendelea kutafuta bei ya kuukwepa uamuzi wa mkaguzi. Wenye mabucha waliandika pendekezo: kila ng'ombe achangiwe kiasi kidogo, na anayekataliwa mnyama alipwe sehemu ya hasara. Halmashauri ililirudisha ikiuliza fedha hizo zitapokelewa kwa kifungu gani. Wenye mabucha wakaamua kuchangishana wenyewe, kwa daftari lao. Mweka hazina waliyemchagua ni yule kiongozi wa wachinjaji aliyekuwa akishika muhuri, na idara haijasema lolote.